Dada, ugoko unauma na kambi imebaki miezi 4

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Mbagala Rangi Tatu kwa mama mdogo, nilimaliza fomu foo na nimeomba JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya kujitolea, nikijaliwa kuitwa ni kama miezi 4 kutoka sasa. Ndoto yangu haiishii JKT, nataka nifike jeshini kabisa na baadae niingie kwenye wale wagumu, mana tangu mdogo nikiangalia makomando siku ya Uhuru nasisimka mwili mzima.

Binamu yangu akanionyesha kwenye simu vipimo vya zamani vya Ranger, ile kozi ngumu ya jeshi la Marekani, pushapu 49, kukunja tumbo 59, kujivuta kwenye bomba mara 6, kukimbia kilomita 8 kwa dakika 40, halafu kutembea kilomita 19 na mzigo wa kilo 16 ndani ya masaa 3. Nikasema hivi ndio vyangu, nikivimaliza hivi JKT itakuwa mteremko. Mjomba aliyewahi kupita mgambo akanishauri nikimbie na buti na begi la mchanga ili mwili uzoee shida. Nikanunua buti za mtumba Karume, zimezidi namba moja nimeweka kitambaa mbele, begi nimejaza mchanga kilo 20, mimi mwenyewe nina kilo 52. Kila siku naamka saa 8 usiku kumsaidia mama mdogo maandazi, saa 11 alfajiri natoka na begi langu nakimbia pembeni ya barabara ya Kilwa mpaka Mtoni Mtongani na kurudi, sina siku ya kupumzika. Sinywi maji njiani na sili kitu mpaka saa 7 mchana mana nimesikia jeshini njaa na kiu ni kawaida bora nizoee mapema.

Sasa ni wiki ya 6, ugoko wa kulia unauma, sehemu moja tu, kama upana wa kiganja kupanda juu kutoka kwenye kifundo cha mguu. Mwanzo ulikuwa unauma nikianza kukimbia baadae unaacha, sa hivi unauma mpaka usiku nikiwa nimelala na nikipanda ngazi. Nameza diklofenaki 2 kabla ya kutoka ndio naweza. Na kingine naona aibu kusema, siku zangu sijaziona huu mwezi wa 3 na sina mwanaume. Mjomba anasema maumivu ndio jeshi lenyewe, nikaze. Dada nikaze au nimeshajiharibu?

Bukta ya Bluu, Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kesho usitoke kukimbia. Wala keshokutwa. Begi limwage mchanga leo hii hii ukimaliza kusoma, na hizo diklofenaki ziache, mengine yote tutayaongea taratibu.

Sasa kaa kitandani, nyoosha mguu wa kulia, chukua kidole kimoja cha shahada uanze kuubonyeza ugoko kutoka chini ya goti ukishuka kidogo kidogo kwenye ule mfupa wenyewe, upande wa ndani pale ambapo hamna nyama. Ukikuta maumivu yametandaa eneo refu kama kiganja kizima, ule mara nyingi ni ugoko uliochoka, unapumzishwa unapona. Lakini ukifika mahali kidole kimoja tu kinafunika maumivu yote na ukibonyeza hapo unaruka, na kwa ulivyoeleza naona ndiko tunakoelekea, huo unaweza kuwa mpasuko mdogo wa mfupa unaotokana na kuupiga huo huo kila siku bila kuupa nafasi. Maumivu ya usiku ukiwa umelala ndio yamenishtua zaidi. Misuli iliyochoka ukilala inatulia, mfupa unaopasuka hautulii.

Nenda hospitali wiki hii. Na ukienda usiseme tu "mguu unauma", sema umekimbia na mzigo wiki 6 kila siku, onyesha kwa kidole sehemu yenyewe, sema unauma usiku, na ile habari ya siku zako usiifiche, sema pia. Jambo moja ulibebe kichwani, x-ray ya wiki za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa na mpasuko ukawepo, mana mfupa huanza kuonyesha alama pale unapoanza kujiunga. Kwahiyo ukiambiwa picha haina kitu na maumivu bado yapo, usirudi barabarani, pumzika halafu urudi baada ya wiki 2 au 3 wapige tena.

Hilo nalijua kwa mguu wangu. Nilienda kujitolea nina miaka 19, wiki ya 5 nikaanza kuumwa ugoko kama wewe, nikaenda kupigwa picha, nikaambiwa mguu mzima rudi kwenye mazoezi. Nikarudi, nikawa naficha, nikawa nabadilishana sabuni kwa vidonge na mwenzangu wa bweni. Asubuhi moja tuko kwenye mchakamchaka nikasikia kitu kinakatika kama kijiti kikavu, nikakaa chini pale pale. Miezi 3 nikawa wa kukaa benchi natazama wenzangu wanapiga kwata, na siku wanaapa mimi nilikuwa na magongo. Nilikuja kurudia na kozi ijayo, nikamaliza, nikapita depo, yaani mafunzo ya mwanzo ya uaskari, na jeshi nikalitumikia, lakini ile siku ya wenzangu kuapa sijawahi kuisahau, na ndio mana nafundisha vijana mazoezi huku Kigamboni mpaka leo.

Tatizo lako sio uvivu na sio ulegevu, una roho ngumu kuliko vijana wengi ninaowaona. Shida ni kwamba mwili haukui wote kwa spidi moja. Pumzi inakuja haraka, wiki 3 tu ukikimbia vizuri unajisikia mtu mwingine. Misuli inafuata. Mfupa ndio wa mwisho kabisa, na kibaya zaidi kabla haujawa mgumu unapita kipindi cha kuwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Wewe ni mtu wa Mbagala utanielewa, unakumbuka barabara ya Kilwa ilivyokuwa wakati wanajenga mwendokasi? Walianza kwa kuchimba, kila mahali mashimo, foleni mpaka watu wanalia, zege lilikuja baadae. Mfupa nao ndio unafanya hivyo hivyo, ukiupiga mwili unachimba kwanza kile cha zamani ndio ujaze kipya kigumu, na kuchimba ni wiki chache ila kujaza kunachukua miezi. Sasa wewe wiki ya 4, ya 5, ya 6, mashimo yako wazi kila mahali, na kila alfajiri unapitisha lori juu yake. Hapo ndipo kuruta wengi wanapovunjikia dunia nzima, na sisi wanawake zaidi ya wanaume.

Sasa hizo namba za Ranger. Kwanza wale ni askari tayari, wameshapita depo, wameshazoea buti. Pili angalia uzito, mtu wa kilo 80 akibeba kilo 16 amebeba moja ya tano ya mwili wake na anatembea. Wewe wa kilo 52 umebeba 20, zaidi ya theluthi ya mwili wako, na unakimbia, na juu ya lami, na buti inacheza mguuni. Hakuna afande mwenye akili zake angemwanzisha kuruta hivyo.

Na kwa kuwa umewapenda wale, nikuambie cha kwao ambacho binamu hakukuonyesha. Wanawake wa kwanza kumaliza Ranger School ni Kristen Griest na Shaye Haver, Agosti 2015. Kozi yenyewe ni kama miezi 2. Wao waliingia mwezi wa 4 wakatoka mwezi wa 8, mana hatua ya mwanzo waliishindwa, wakairudia, wakaishindwa tena, wakapewa nafasi ya kuanza upya kuanzia siku ya kwanza wakakubali. Niliposoma habari zao nilishika mguu wangu. Walifika mwisho kwasababu mwili ulikuwa bado unafanya kazi baada ya miezi 4 ya mateso, sio kwasababu walijitesa vizuri nyumbani.

Tuje kwenye siku zako, na usione aibu, hapa ni mimi na wewe. Hata kama unajua huna mwanaume daktari atakupima ujauzito kwanza, ndio utaratibu, mwache apime. Lakini binti anayekimbia kila siku, halali vya kutosha, hali mpaka saa 7 mchana, hedhi ikikata maana yake mara nyingi ni kwamba mwili umehesabu chakula umeona hakitoshi, ukazima vitu ambavyo sio vya lazima ili moyo na ubongo viendelee. Na ile homoni inayoleta siku zako ndio hiyo hiyo inayolinda mifupa. Ikishuka, mfupa unachimbwa na haujazwi. Kwahiyo ugoko wako na siku zako sio matatizo 2, ni tatizo moja limetokea sehemu 2.

Dawa yake iko jikoni kwenu. Wewe unaamka na maandazi mkononi halafu unatoka hujala, hiyo inaniuma kwakweli. Kula mawili na chai ya maziwa kabla ya mazoezi, ukirudi kula chakula cha kueleweka, ugali au viazi na maharage, mayai ukipata, na dagaa kula sana, wale wazima na mifupa yao na vichwa vyao. Kuna utafiti ulifanyika kwa kuruta wa kike wa jeshi la majini la Marekani, ukachapishwa 2008, waliopewa kalsiamu na vitamini D mipasuko ya mifupa ilipungua kwa asilimia 20 wakilinganishwa na waliopewa vidonge vitupu. Sikwambii ukanunue vidonge, daktari ataamua, nakwambia dagaa wa Kariakoo sio chakula cha shida. Karanga mkononi mchana, ndizi, mihogo, kula. Njaa ya kambini haizoeleki kwa kushinda njaa Mbagala, ukiingia kambini umeshakonda unaingia na deni.

Kiu hivyo hivyo. Mwili haujifunzi kuishi bila maji, hakuna jeshi duniani lililofanikiwa kuufundisha. Unachoweza kuufundisha ni joto, na hilo Dar tumepewa bure, wiki 2 za kutembea taratibu jua likishachomoza mwili unaanza kutoa jasho mapema na moyo unapunguza kwenda mbio. Kunywa ukisikia kiu, usijibane na pia usijimwagie malita kwa malita ukidhani ndio ujasiri, maji mengi kupita kiasi nayo yanaua. Angalia mkojo wako. Wa njano ya mbali sawa. Ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, misuli imeanza kumwagika kwenye damu na figo zinalemewa, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na hapo ndipo diklofenaki inaponitisha, mana zaidi ya kukufichia maumivu ambayo mfupa unayatumia kukuita, ukiimeza huku umekaukiwa maji na unakimbia kwenye joto unazipiga figo.

Na hospitali ukishafika, pima vitu viwili. Wingi wa damu, wasichana wengi tunakimbia na damu pungufu tunadhani hatuna pumzi. Na selimundu. Wewe unaweza usiwe mgonjwa ila unabeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja, kwetu wapo wengi na hawajijui, unaishi vizuri tu mpaka siku unapokimbizwa kupita uwezo kwenye joto. Madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha 1987 kwamba kuruta wanaobeba chembe hiyo walikuwa wanafariki ghafla mazoezini mara nyingi zaidi ya wasiobeba. Ukikutwa nayo usilie, unatakiwa tu kujua, useme kwa wahusika, uanze taratibu, unywe maji, na ukisikia miguu imeishiwa nguvu usijisukume.

Kulala nako. Saa 8 usiku mpaka saa 11 umesimama, halafu unakimbia. Ongea na mama mdogo, mwambie kilichotokea, mwambie mguu, mumpange hata mdogo wako mmoja apokezane na wewe siku 3 za wiki. Siku zile nyingine lala saa 2 usiku. Mfupa unajazwa ukiwa umelala.

Kama daktari atakuta ni mpasuko, wiki 6 mpaka 8 hamna kukimbia. Najua umehesabu hapo na moyo umepiga. Lakini una miezi 4, zinabaki wiki 8 za kujenga na zinatosha kabisa kama hutaharaka. Wakati mguu unapona mikono haiumwi, fanya pushapu ukiwa umeegemea ukuta, kisha ukingo wa kitanda, kisha chini, ukifika chini zikawa 15 safi kifua kinagusa ngumi ya mwenzako hizo ni pushapu kweli, sio 49 za kutikisa shingo. Tafuta bomba au tawi la mwembe uning'inie tu sekunde 10, baadae 30, mikono yako itajua kubeba mwili. Daktari akiruhusu, baiskeli. Na bahari ipo, maji yakiwa ya kifuani unakimbia humo humo mguu haupigi chini, pumzi inabaki, ila usiende peke yako na usiende maji yakiwa yanajaa.

Mguu ukipona, maana yake unatembea dakika 30 kila siku kwa wiki nzima na ukibonyeza pale hapaumi, ndio unaanza. Kimbia dakika 1 tembea 2, mara 8, siku moja ndio siku moja hapana, raba sio buti, kwenye vumbi la uwanja wa shule sio lami. Kila wiki ongeza kidogo. Kipimo cha spidi usitafute kwenye simu, tumia cha kwetu, imba chenja. Mchakamchaka wa kambini ni wa kuimba, anayeongoza anatoa sauti na wote mnaitikia mnakimbia, sasa kama huwezi kuitikia chenja nzima bila kukata basi umeenda mbio, punguza. Ukifika dakika 30 za kukimbia huku unaimba, siku 3 au 4 kwa wiki, umeiva kwa kuruta. Kama mtaani kuna klabu ya joging ya Jumapili nenda nao, kukimbia kwenye kundi na kufuata mguu wa mwenzako nayo inajifunzwa, ila wakianza kushindana wewe baki nyuma.

Mzigo uje mwisho kabisa, wiki ya 4 ya kukimbia na sio kabla, mara 1 kwa wiki, unatembea, HUKIMBII. Acha mchanga, unahama hama begini unavuta mabega. Weka chupa za maji za lita 1 na nusu, 3 zinakupa kama kilo 4 na nusu, zifunge na kanga zikae juu karibu na mabega. Uzuri wa maji, mguu ukianza kuleta maneno unamwaga unarudi nyumbani mwepesi. Ongeza uzito au ongeza umbali, usiongeze vyote wiki moja. Ukiwa na kilo 8 au 10 kwa lisaa 1 na nusu bila kuumwa popote, mengine waachie kambi, hiyo ndio kazi yao na wanaijua. Na popote utakapokuwa, hata kambini, ukianza kuumwa kinena au ndani ya nyonga ukikimbia, simama siku hiyo hiyo na useme, mana shingo ya mfupa wa paja ikipasuka ikaachwa mtu anaweza kupata ulemavu.

Buti zako zinazidi, rudi Karume ubadilishe, mguu usicheze wala kidole kisiguse mbele ukishuka mteremko. Vaa ndani kwenye kazi za nyumbani mpaka zilainike. Soksi kavu, malengelenge yakianza kuwaka moto bandika plasta kabla hayajajaa maji.

Mjomba mpe heshima yake, wala usimjibu vibaya, yeye alikufundisha alichofundishwa na anakutakia mema. Mwambie tu dada aliyevunjika kasema hapana. Na kama atakuja mtu yeyote, hata ndugu, kukwambia ana mtu wa kukupitisha kwa hela, usitoe hata mia, nafasi za JKT haziuzwi na JKT wenyewe wanasema kila mwaka kwamba kujitolea sio ahadi ya ajira. Nenda ukilijua hilo, ni miaka 2 ya maisha yako.

Makomando wa siku ya Uhuru uliowaona wewe ni mwisho wa njia ndefu, kuna kuruta, kuna depo, kuna miaka ya kuwa askari wa kawaida ndio mtu achaguliwe. Sa hivi kazi yako ni kufika getini na miguu 2 mizima na siku zako zimerudi.

Subiri mpaka umeonwa na daktari halafu uniandikie tena, uniambie amebonyeza wapi na amesema nini, na x-ray kama ipo uniambie ilipigwa wiki ya ngapi. Bukta ya bluu na fulana ya kijani unaweza kununua sasa hivi, raba subiri mpaka mguu upone ndio ukapime.